Kipanya Kinaelekeza, Stiki Inatembea

Nilikuwa nimeshatumia saa kama 60 ndani ya Baldur's Gate 3, gemu ya kompyuta, pale kifundo cha mkono wangu wa kulia kilipoanza kulalamika. Hayakuwa maumivu makubwa, ni yale tu yanayomjia mtu aliyebofya tangu jioni hadi usiku wa manane. Nikasogeza kipanya pembeni, nikachukua pedi ya kuchezea gemu, nikabonyeza kitufe kimoja nione kama kompyuta imeitambua. Msururu wote wa ikoni uliokuwa umejipanga chini ya skrini ukatoweka. Mshale nao ukaenda. Kamera iliyokuwa ikielea juu kama mwewe ikaanza kumfuata mhusika wangu. Nikaisukuma stiki, kile kijiti cha kidole gumba kwenye pedi, mbele kidogo, naye akanyanyua mguu.

Nilishangaa, kwa sababu katika saa zote zile sikuwahi kumtembeza. Nilikuwa namwonyesha pa kwenda, naye anakwenda. Nabofya mlango, anaufuata mlango. Nabofya maiti, anakwenda kuipekua. Sasa hatua zilikuwa zangu. Nikazunguka naye kambini dakika kadhaa bila shughuli yoyote, nikiwapita wenzangu kwa karibu, nikiuzunguka moto, jambo ambalo sikuwahi kulifikiria nikiwa na kipanya mkononi. Nani anabofya nyasi tupu kwa raha tu?

Ubishi wa PC na konsoli (mashine za gemu za kuchomeka kwenye televisheni, kama PlayStation) katika gemu za RPG, zile za kuishi hadithi ukiwa mhusika unayemkuza, huendeshwa zaidi kwa hesabu ya vitufe. Kibodi ina vitufe kama 100, pedi ina visivyofika 20, kwa hiyo, wanasema watu wa PC, gemu ikienda konsoli lazima ikatwekatwe ili iingie. Hoja hiyo ina ukweli wake na nitaifikia. Lakini inaliacha jambo lililo kubwa zaidi. Kipanya ni kidole cha kuelekeza, stiki ni mguu. Mwenye kidole ameinama juu ya meza ya ramani akiamuru, mwenye mguu yumo ndani ya ramani. Gemu inapohama kutoka chombo kimoja kwenda kingine, kinachohama kwanza ni mahali anaposimama mchezaji. Mbunifu asipoligundua hilo ataishia kupanga vitufe upya huku gemu yenyewe imeinama upande.

Hadithi hii ni ya zamani kuliko kipanya chenyewe majumbani mwetu. Mwaka 1985, Ultima IV, RPG ya kompyuta ya Richard Garriott, ilitumia herufi zote za kibodi, kila amri na herufi yake, kuanzia A hadi Z. Kulikuwa na herufi ya kushambulia, ya kuroga, ya kufungua mlango, ya kuongea na mtu. Herufi zilipogombaniwa, tahajia ndiyo iliyonyoosha mikono: C ilikuwa imeshachukuliwa na uchawi (cast), basi kitenzi cha kupanda (climb) kikaandikwa "Klimb" ili kipate K, na takwimu za wahusika (stats) zikaitwa "Ztats" ili zipate Z. Naipenda sana habari hii. Inamwonyesha mbunifu aliyetazama kwanza kilichopo mezani kwa mchezaji, kisha akaupinda ulimwengu wake mpaka ukafuata umbo la kibodi.

Mwaka uliofuata, Mei 1986, Dragon Quest ilitoka Japani kwa ajili ya Famicom, konsoli ya Nintendo. Mbunifu wake, Yuji Horii, alikuwa mpenzi wa Ultima na Wizardry, gemu za kompyuta, na alitaka watoto wenye konsoli waionje ladha ileile. Pedi ya Famicom ilikuwa na kitufe cha msalaba, A, B, na viwili vidogo vya katikati. Basi. Ila Horii alikuwa ameshalikabili tatizo hili kabla. Gemu yake ya upelelezi, Portopia, ilipotoka kwenye kompyuta mwaka 1983 ilimtaka mchezaji aandike amri kwa kibodi, na ilipohamia Famicom mwaka 1985 amri zikageuka kuwa orodha ya kuchagua. Dragon Quest ikafuata njia hiyohiyo: kidirisha kidogo chenye amri 8, yaani kuongea, kuangalia hali yako, ngazi, mlango, uchawi, vifaa, kuchunguza na kuokota.

Ndiyo, ngazi ilikuwa amri. Unasimama juu ya ngazi, unafungua kidirisha, unachagua "ngazi", ndipo unashuka. Hata kuongea kulikuwa na hatua mbili, kwa sababu shujaa alichorwa akikutazama wewe daima, hana mgongo wala ubavu, hivyo ilikubidi uchague kuongea kisha uchague upande aliko unayeongea naye. Leo ukiicheza utaona uchovu. Lakini tazama kilichotokea pale. Mchezaji wa Ultima alitakiwa kukumbuka, na mara nyingi alicheza huku karatasi ya herufi iko kando yake. Mchezaji wa Dragon Quest alitakiwa kusoma tu. Kijitabu cha maelekezo kilikuwa kimehamia ndani ya skrini, na mtoto ambaye hajawahi kuona RPG angeweza kuanza bila kufundishwa na mtu. Ninaposikia mtu anasema konsoli zilizifanya RPG kuwa za kijinga, hukumbuka kidirisha kile. Kilichoondolewa pale ni ukuta, na akili iliyokuwa nyuma ya ukuta ilibaki mahali pake.

Kuna sababu ya kimwili inayofanya kidole na mguu vidai skrini tofauti. Mwaka 1954 mwanasaikolojia wa Marekani, Paul Fitts, alionyesha kwamba muda wa kufikisha mkono kwenye shabaha unategemea mambo mawili, umbali wa shabaha na upana wake. Shabaha ndogo iliyo mbali inachelewesha, kubwa iliyo karibu ni ya papo kwa papo. Kipanya kinaishi ndani ya kanuni hiyo kwa raha zake, kwa sababu chenyewe kinanakili mahali: mkono ukisogea, mshale unasogea, mkono ukisimama, mshale umesimama. Stiki haifanyi hivyo. Stiki inatoa mwendo. Ukiiinamisha, kitu kinaanza kwenda na kinaendelea kwenda mpaka uiachie, na kazi ya kukisimamisha penye shabaha inabaki kwako. Kumpa mtu mshale wa kuendesha kwa stiki katikati ya ikoni ndogo 40 ni kumwambia aegeshe gari juu ya sarafu.

Ndiyo maana menyu za konsoli huenda kwa hatua, kutoka kipengele hadi kipengele, na ndiyo maana duara limependwa sana huko. Secret of Mana, mwaka 1993, ilizungusha ikoni zake kumzunguka shujaa mwenyewe, hivyo macho hayakuhitaji kuondoka kwake kwenda pembeni ya skrini. Baadaye, pedi zilipopata stiki, duara likapata maana ya pili. Stiki ni dhaifu katika kujua mahali, lakini katika kujua upande haina mpinzani. Ukiisukuma kaskazini-mashariki, inajua kaskazini-mashariki bila kukosea, na kila kipande cha duara kiko umbali uleule kutoka katikati. Kidole gumba huzoea baada ya siku mbili tatu. Mimi huchagua dawa ya kuponya kwenye duara bila kutazama, kama ninavyowasha taa ya chumbani gizani.

Sasa nije kwenye kitu ambacho pedi haina kabisa, na ambacho kwangu ni zawadi kubwa kuliko zote za kipanya. Ni kule kupitisha mshale juu ya kitu bila kubofya.

Fikiria unavyocheza RPG ya PC. Mshale unapita juu ya upanga, maelezo yanatokea. Unapita juu ya neno lenye rangi ndani ya maelezo hayo, maelezo ya neno lile yanatokea. Unapita juu ya adui, unaona ana uhai kiasi gani na nafasi yako ya kumpiga ni asilimia ngapi. Hujafanya lolote. Hujaahidi lolote. Umeuliza tu, na swali halikukugharimu hata nusu sekunde. RPG ni gemu za maswali: hiki ni bora kuliko kile? Nikipita hapa nitaungua? Kipanya hukuruhusu uulize mfululizo, kama mtoto anayemfuata mzazi shambani akiuliza hiki nini na kile nini.

Kwenye pedi, hakuna kupitisha. Kuna kuwapo. Daima uko juu ya kipengele fulani, na ili uulize juu ya kingine ni lazima uhame uende kukaa juu yake. Kila swali ni safari. Kwa hiyo mbunifu wa konsoli analazimika kuamua mapema ni majibu gani yatakuwa wazi muda wote bila kuulizwa, na yapi yatafichwa nyuma ya kitufe cha "maelezo zaidi". Akiamua vizuri, skrini yake inakuwa safi kuliko ya PC, kwa sababu amefanya kazi ya kufikiri ambayo mwenzake wa PC aliikwepa kwa kutupa kila kitu kwenye maelezo ya kupitisha mshale. Akiamua vibaya, mchezaji anacheza saa 100 bila kujua kwamba ngao yake ilikuwa inampunguzia kasi.

Mahali pa kuonea haya yote ni kwenye begi, yaani skrini ya vitu alivyobeba mhusika wako. Mtu akitaka nimwambie kama RPG imebuniwa na watu wanaojali, siangalii mapigano, nafungua begi.

Morrowind, mwaka 2002, ilikuwa na begi la mtu wa PC hasa. Ukibofya kitufe cha kulia cha kipanya, dunia inasimama na madirisha manne yanafunguka kwa pamoja: takwimu zako, begi, ramani na uchawi. Kila dirisha unaliburuta unakotaka, unalipanua, unalipunguza, unaweza hata kulibandika libaki wazi wakati unatembea. Mimi nilikuwa na mpangilio wangu, ramani juu kulia na begi refu kushoto, na ulikuwa wangu kama mtu anavyokuwa na mpangilio wa meza yake ya kazi. Ilikuwa rahisi kuifanya meza hiyo iwe fujo. Lakini fujo ilikuwa yako, na ulijua kila kitu kiko wapi.

Miaka tisa baadaye, tarehe 11 Novemba 2011, Skyrim, ya mfululizo uleule, ikatoka. Begi lake ni orodha ndefu ya majina, na upande wa pili kitu ulichokichagua kinachorwa kikubwa, unaweza kukizungusha ukakitazama pande zote. Ni pazuri kweli. Kwa mtu aliyekaa mita tatu kutoka kwenye televisheni, akishuka orodha kwa stiki, panatosha. Kwa mtu aliyekaa sentimita 60 kutoka kwenye kioo, mwenye kipanya, ni kama kupewa kijiko cha kuchotea mtungi. Orodha haina safu. Huwezi kupanga kwa uzito wala kwa thamani, ilhali uzito na thamani ndivyo vitu viwili unavyovihangaikia kila unapotoka pangoni. Wachezaji hawakusubiri. Walitengeneza SkyUI, nyongeza iliyoligeuza begi kuwa jedwali: jina, uzito, thamani, thamani kwa kila kipimo cha uzito, na kisanduku cha kutafutia kwa kuandika. Ikawa miongoni mwa nyongeza za kwanza ambazo mtu wa PC huziweka kabla hata hajatengeneza mhusika.

Haki itendeke, ndani ya gemu hiyohiyo kuna skrini ya ujuzi, ile ya makundi ya nyota, ujuzi 18 umetawanywa angani. Kwa stiki unateleza kutoka kundi moja la nyota hadi jingine na unajisikia umeinua kichwa usiku. Kwa kipanya skrini hiyo ni kero tupu. Ilibuniwa na mtu aliyekuwa ameshika pedi, na ukiishika pedi unamwelewa.

Kwa upande wa mabegi mimi nina kidonda changu. Kuna gemu moja, sitaitaja, ambayo kila ulipouza kitu dukani, orodha iliruka na kurudi juu kabisa, kwenye kipengele cha kwanza. Nilikuwa nauza ngozi za wanyama, moja baada ya nyingine, kidole gumba kikifanya mdundo wake: shuka, shuka, shuka, bonyeza, thibitisha. Mdundo ukazidi kasi. Mara moja nikabonyeza kabla sijashuka. Kilichokuwa juu ya orodha kilikuwa ni mkuki niliouimarisha kwa wiki mbili, na duka lile halikuwa na kurudisha. Nilikaa na pedi mapajani nikiitazama ile nafasi tupu. Kosa la ubunifu pale ni la mstari mmoja: orodha haikukumbuka mahali nilipokuwa. Kwa mwenye kipanya kosa hilo ni dogo, kwa sababu mshale unabaki ulipouacha na jicho linauona. Kwa mwenye pedi, mahali alipo kwenye orodha ndiyo mwili wake. Ukimrudisha juu bila kumwambia, umemhamisha chumba akiwa amefumba macho.

Twende kwenye mapigano sasa, maana hapo ndipo kidole na mguu hugombana waziwazi. Sijui gemu inayoonyesha jambo hili kuliko Dragon Age: Origins ya Novemba 2009. Ilitoka kwa PC, PlayStation 3 na Xbox 360, hadithi moja, wahusika walewale, maadui walewale. Kwenye PC unazungusha gurudumu la kipanya, kamera inapanda mpaka unauona uwanja wote kwa juu. Unasimamisha mchezo kwa kitufe kirefu cha nafasi, unambofya mchawi, unachora mduara wa mpira wa moto ardhini, unahakikisha mlinzi wako hayumo ndani yake, unaachia. Chini kuna mstari mrefu wa ikoni, wenye nafasi ya karibu kila ulichojifunza. Kwenye konsoli kamera ya juu haipo. Uko nyuma ya bega la mtu mmoja. Ukishikilia kitufe cha nyuma, mchezo unasimama na duara linafunguka, na nje ya duara una njia za mkato sita tu.

Wengi walilichukulia toleo la konsoli kuwa kipande kilichobaki baada ya kukata. Nimeyacheza yote mawili hadi mwisho, na sikubaliani kabisa. Ni kweli kwamba mapigano makubwa ya konsoli yalikuwa na ukungu, kwa sababu mambo yaliyobuniwa kuonwa kwa juu ulikuwa unayaona kwa ubavu. Hapo watu wa PC wana haki yao. Lakini bega lile lilinifanya niwaogope maadui. Zimwi likija, lilikuwa linanijia mimi. Kwenye PC zimwi lilikuwa alama kubwa inayosogea kuelekea alama ndogo, na hofu yangu ilikuwa ya hesabu.

Na tusidhani konsoli zilikuwa zinasubiri kuokolewa. Kulikuwa na kazi kubwa ya fikra iliyofanyika huko kwa sababu ya uchache wa vitufe. Final Fantasy XII, mwaka 2006 kwenye PlayStation 2, ilikabili swali gumu: utaongozaje watu watatu kwa wakati mmoja na pedi moja? Jibu lake liliitwa Gambit. Kabla ya vita unawaandikia wenzako masharti, hadi 12 kwa kila mmoja: mwenzetu akipungukiwa uhai chini ya kiwango fulani, mponye, adui akiwa mdhaifu kwa moto, mchome, vinginevyo mpige aliye karibu. Kisha unaingia vitani na kutazama akili yako ikitembea bila wewe. Kosa likitokea, tatizo limo katika mpangilio wa masharti yako, na unakwenda kurekebisha sharti la nne libadilishane nafasi na la pili. Dragon Age yenyewe ilikuwa na kitu cha namna hiyo miaka mitatu baadaye, hata kwa wenye kipanya.

Mfano ninaoupenda kuliko wote unatoka Final Fantasy XIV, gemu ya mtandaoni inayochezwa na watu wengi kwa pamoja. Toleo la kwanza la 2010 lilifeli vibaya na likazimwa Novemba 2012. Liliporudi mwaka 2013 chini ya mwongozaji mpya, Naoki Yoshida, lilipaswa kuchezwa na watu wa PC na wa PlayStation 3 kwenye seva zilezile, katika vita vilevile, mmoja ana kibodi nzima na mwingine ana pedi. Hakukuwa na namna ya kumpa mwenye pedi gemu nyepesi. Walichobuni ni hiki. Chini ya skrini kuna misalaba, ikoni nane kwa kila kitufe cha nyuma: nne za kitufe cha msalaba, nne za vitufe vya kidole gumba cha kulia. Ukishikilia kitufe cha nyuma cha kushoto, nane zile ni zako. Ukishikilia cha kulia, nane nyingine. Jumla 16 bila kuhamisha kidole gumba mbali, na seti nyingine inaitwa kwa kubonyeza mara moja. Mtu aliyezoea hatazami chini. Anabana, anagonga, anaachia, anabana upande wa pili, na mkono wake unakwenda kama wa mpiga kinanda. Nimepigana na madubwana makubwa ya gemu hiyo nikiwa na kikosi cha watu wanane na sikuweza kumtambua nani ana kibodi na nani ana pedi. Tangu hapo hoja ya idadi ya vitufe imenipungukia nguvu.

Persona 5, mwaka 2016, ilifanya jambo dogo lenye mantiki hiyohiyo. Vita vyake ni vya zamu, na kawaida ya vita vya zamu ni orodha: piga, uchawi, kifaa, jilinde, na mshale wa kupanda na kushuka. Wao wakaivunja orodha na kuitawanya juu ya vitufe vyenyewe. Kila amri ina kitufe chake, imechorwa pale ilipo kwenye pedi. Hakuna mshale. Ni kama Ultima imerudi baada ya miaka 30, herufi na amri yake, isipokuwa safari hii "kibodi" iko viganjani na huna haja ya karatasi.

Diablo nayo lazima niiguse, japo kwa haraka. Ilipotoka mwishoni mwa 1996 ilikuwa kilele cha kidole: kitufe cha kushoto cha kipanya kinatembea, kinapiga, kinafungua, kinaokota. Uzuri wake ndio udhaifu wake. Ukimkosa adui kwa nukta mbili, kitufe kile kile cha kupiga kinakupeleka katikati ya kundi lao, ndiyo maana wazoefu hushikilia Shift ili wasimame pale walipo. Diablo III ilipofika konsoli mwaka 2013, mwaka mmoja baada ya PC, kutembea kulihamia kwenye stiki ya kushoto, na stiki ya kulia, isiyokuwa na kazi tena, ikapewa kujirusha pembeni kukwepa. Kitendo kipya kilizaliwa kwa sababu kidole gumba kimoja kilikuwa hakina kazi. Waliocheza namna hiyo, mimi nikiwemo, tulirudi kwenye kipanya tukihisi tumefungwa miguu.

Kuhusu ukubwa wa maandishi nitasema machache, kwa sababu jambo lenyewe ni la wazi na inasikitisha kwamba bado linakosewa. The Witcher 3 ilipotoka Mei 2015, watu wa konsoli walilalamika kuwa hawawezi kuyasoma maelezo kutoka kwenye kochi, na marekebisho yakaja baadaye. Siku hizi hata wa PC wamo katika shida hiyo, tangu Steam Deck, kompyuta ya gemu ya kushika mkononi, ya Februari 2022 iweke gemu za kompyuta kwenye skrini ya inchi 7. RPG yenye maneno milioni isiyo na kipimo cha kukuza herufi imemfungia mlango mtu mwenye macho dhaifu, na hilo halina utetezi.

Nirudi usiku ule wa Baldur's Gate 3. Nilimaliza gemu nikibadilishana. Kutembea mjini, kuongea na watu, kupanda mapango, pedi. Vita vikianza, mkono wa kulia unarudi kwenye kipanya na zile ikoni zinarejea chini. Kwa kipanya, naweka mshale kwenye sakafu na njia inachorwa kabla sijakanyaga, naona itapita wapi na itakula mita ngapi kati ya 9 nilizo nazo kwa zamu moja. Nikiona inapita kwenye moto, nahamisha mshale. Kwa stiki, nikiisukuma tu mtu ameshaanza kwenda na mita zinapungua chini ya miguu yake. Mara mbili nilimtembeza mganga wangu juu ya asidi hivyo hivyo. Vita vya zamu vinataka kuuliza kabla ya kutenda, na kidole ndicho kinachojua kuuliza.

Lakini inanigusa kwamba haikupita muda mrefu baada ya gemu hiyo kutoka Agosti 2023 kabla watu wa PC hawajatengeneza nyongeza ya kumtembeza mhusika kwa kibodi, kwa W, A, S na D. Walikuwa na kipanya chao, na ramani yote mbele yao. Walitaka miguu.

Watengenezaji wa gemu hiyo walikuwa wameshaujua utamu huu mapema. Divinity: Original Sin yao ilitoka mwaka 2014 ikiwa ya PC na kipanya. Mwaka 2015 wakaitoa upya kwa PlayStation 4 na Xbox One, na kwa kuwa sasa ilikubali pedi, ikakubali pia watu wawili kwenye kochi moja. Ninaicheza na mdogo wangu. Skrini imegawanyika katikati, kila mmoja na upande wake, kila mmoja na mtu wake. Yeye hajawahi kucheza RPG kwa kipanya na hana hamu nayo.

Juzi nilikuwa upande wangu, ndani ya begi, nikilinganisha pete mbili, na kulinganisha huko kulikuwa kunanichukua safari nyingi za kwenda na kurudi. Nikaona upande wake hauna kinachoendelea. Mhusika wake amesimama ufukweni, hapigani, hapekui chochote.

"Unafanya nini huko?" nikamuuliza.

"Naangalia bahari tu, kaka. Wewe maliza."

Nikaifunga orodha ya pete bila kuchagua, nikasukuma stiki kumfuata. Katika gemu hiyo mkikaribiana, ule mstari wa katikati hufutika na skrini mbili huwa moja. Ukafutika nikiwa hatua chache nyuma yake, na bahari ikaenea kioo kizima.